Sura ya Sita: Paka wa Sokoke na Paka wa Depo

"Dokta, ile paka ya mbegu inakamata panya kuliko hii yetu?"

Swali hili huulizwa Butembo, huulizwa Beni, na Kasindi huulizwa zaidi, kwa sababu Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, ni mji wa magunia. Mahindi, maharage, mchele, unga na kakao hulala depo zikisubiri lori au karatasi za forodha, na panya akitoboa gunia moja hasara yake si konzi za nafaka anazokula tu, bali kilo nyingi anazozikojolea zikakosa mnunuzi. Mfanyabiashara aliyeona kwenye simu picha ya paka mwenye jina na karatasi, anayeuzwa kwa mamia ya dola, ana haki ya kuuliza fedha hizo zinanunua nini.

Jibu fupi ni hapana. Karatasi hazimfundishi paka kuwinda. Anayemfundisha ni mama yake. Jibu refu ndilo sura hii, na nitalieleza kwa kumfuata paka mmoja wa ukoo ambaye watu wa Afrika Mashariki wanaweza kumwita wao. Anatoka pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa, bandari ile ile ambako shehena nyingi za Kasindi huanzia safari ya Nairobi, Kampala, Kasese na Mpondwe. Anaitwa Sokoke. Nimemchagua kwa sababu tabia yake inafundisha namna ya kumlea paka yeyote, hata yule wa rangi ya majivu anayelala juu ya magunia yako.

Paka wa ukoo ni paka gani?

Paka wa ukoo, anayeitwa pia paka wa mbegu, ni yule ambaye wazazi wake, babu zake na bibi zake wameandikwa katika daftari la chama cha wafugaji. Akizaa na mwenzake wa ukoo ule ule, watoto hutoka na umbo na rangi zinazotabirika. Basi. Karatasi hazisemi kwamba ana akili zaidi, wala kwamba hataugua. Paka wengi kabisa duniani hawana karatasi, na koo nyingi zenye majina makubwa ni za juzi tu: maonyesho makubwa ya kwanza ya paka yalifanyika London mwaka 1871, na madaftari ya koo yakafuata baada ya hapo.

Hapa kwetu mambo mawili huchanganywa. La kwanza, manyoya marefu si ushahidi wa ukoo. Paka wa mtaani naye anaweza kuwa nayo. La pili ni la hatari. Mnyama mwenye madoadoa kama ya chui, miguu mirefu na masikio makubwa yaliyosimama si paka wa mbegu, ni mtoto wa mondo. Huyo ni mnyama wa pori, mahali pake ni kwenye nyasi za Virunga. Mtu akikuletea, usinunue.

Kutoka Watamu hadi Denmark

Msitu wa Arabuko-Sokoke uko kaunti ya Kilifi, kati ya Malindi na mji wa Kilifi, na una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420. Ni msitu mkavu wa pwani, mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki Afrika Mashariki. Wagiriama wanaoishi kando yake walimjua tangu zamani paka mdogo mwembamba, wakamwita kadzonzo kwa kuwa manyoya yake yanafanana na gome la mti.

Mwaka 1978, Jeni Slater, mkazi wa Kenya, aliwakuta watoto wa paka hao kwenye shamba lake karibu na Watamu. Akachukua wawili, dume na jike, akawalea kwa mkono. Wakawa wapole, wakamzoea kabisa, wakazaa. Katika miaka ya 1980 rafiki yake, Gloria Moeldrup, aliwapeleka baadhi Denmark. Wafugaji wa huko wakaanza kuandika vizazi vyao, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 FIFe, muungano wa vyama vya wafugaji wa paka wenye makao Ulaya, ukawatambua kuwa ukoo kamili kwa jina la msitu walikotoka. Miaka ya 2000 ilipoanza, wengine walichukuliwa kutoka eneo lile lile la Kenya ili kuongeza damu mpya, maana waanzilishi walikuwa wachache mno. Ndugu wakizaana na ndugu kizazi baada ya kizazi, kasoro zilizojificha hujitokeza: watoto wachache, wadhaifu, wanaougua upesi. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu hutokea pia katika depo iliyofungiwa dume mmoja na binti zake.

Kwa muda mrefu watu walidhani Sokoke ni mnyama wa msituni, au chotara wa paka na mnyama wa pori. Uchunguzi wa vinasaba, yaani maelezo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili, ulionyesha vingine. Ni paka wa nyumbani, ndugu wa paka wa mitaani wa pwani ya Kenya, na nasaba yake inaelekea kwa paka wa Asia. Ukijua jinsi majahazi yalivyokuwa yakisafiri kwa pepo za msimu kati ya Lamu, Uarabuni na Bara Hindi, na kwamba jahazi lenye nafaka halikosi panya, hushangai.

Kwa hiyo huyu anayetembea leo sebuleni Copenhagen na karatasi zake alikuwa paka wa kawaida wa watu wa kawaida. Kilichobadilika ni kwamba kuna waliomwangalia kwa makini, wakaandika.

Anavyoonekana

Ni mdogo kuliko picha zinavyoonyesha: kwa kawaida kati ya kilo 3 na 5. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, na hutembea kama anayenyanyuka kwa ncha za vidole. Mkia ni mrefu na mwembamba, macho ya rangi ya kaharabu au kijani chepesi. Manyoya ni mafupi, yamelala karibu na ngozi, hayana sufi nyingi ya ndani. Michoro yake ni ya mabaka mapana yaliyozunguka ubavuni, na ndani ya mabaka hayo kila unywele una rangi mbili tatu, ndiyo maana huonekana kama gome.

Michoro hiyo hurithiwa kwa njia ya kujificha: mtoto huipata pale tu baba na mama wote wawili wanapompa. Sokoke akipanda paka wa depo mwenye milia, mara nyingi watoto wote hutoka na milia. Mtu akikuuzia "nusu Sokoke" kwa bei kubwa, anakuuzia mtoto wa paka, mzuri au mbaya kama mwingine yeyote.

Tabia yake

Wafugaji waliokaa na Sokoke wanamweleza karibu kwa maneno yale yale. Hatulii. Hupanda: kabati, pazia, bega la mwenye nyumba. Husikia kila kitu, na mgeni akifika husimama mbali kwanza, akapima. Si paka wa kupakatwa muda mrefu. Hukufuata chumba hadi chumba, hukaa karibu bila kukulalia, na husema nawe kwa sauti unapoingia. Huchagua mtu au familia, na kumbadilishia nyumba akiwa mkubwa humsumbua sana. Wengine hukataa chakula kwa siku kadhaa.

Kuna jambo moja ambalo mimi naliona kubwa kuliko mengine. Paka hawa huishi kwa jamaa. Mama huwanyonyesha na kuwashikilia watoto kwa muda mrefu, na dume, ambaye katika paka wengi hana kazi baada ya kupanda, mara nyingi huachwa akae na watoto wake, akawalamba na kulala nao. Watoto nao hukomaa polepole. Kwa hiyo wafugaji wa Sokoke hawana haraka: mtoto hatoki kwa mama kabla ya wiki 12, na wengi hungoja zaidi.

Sasa linganisha na desturi yetu. Mtoto wa paka huchukuliwa mara tu anapoanza kukimbia, wiki 5 au 6, huwekwa ndani ya katoni au mfuko, hupelekwa sokoni au kwa jirani, na jioni ile ile anafungwa kamba kwenye mguu wa meza ya duka ili "azoee". Mwezi wa pili analia usiku kucha, anang'ata mikono, anakojoa juu ya magunia na kukimbia panya. Mwenyewe analalamika kwamba amepewa mbegu mbaya.

Mbegu haina kosa. Fuatilia wiki zile uone alichonyimwa:

- Kati ya wiki ya 2 na ya 7, mtoto wa paka hujifunza nani si adui. Akishikwa kwa upole kila siku na watu wawili watatu tofauti, humwamini binadamu maisha yake yote. Asiposhikwa kabisa, huwa mwitu ndani ya nyumba.
- Kuanzia kama wiki ya 4, mama huleta windo: kwanza panya aliyekufa, baadaye aliye hai kidogo, mwishowe anayeweza kukimbia. Hilo ndilo darasa la kuwinda, na halina mwalimu mwingine.
- Hadi wiki ya 12, ndugu humfundisha kipimo cha meno. Aking'ata sana, mwenzake hulia na kuacha mchezo. Asiyekuwa na ndugu hujifunzia kwenye mkono wako.

Kwa kifupi: upole wa Sokoke na ustadi wa paka wa depo vinatoka mahali pamoja, kwenye majuma ya kukaa na mama, ndugu na mikono ya watu. Mama aliye mwindaji mzuri, na watoto walioachwa kwake hadi wiki ya 12, ni mali kuliko karatasi yoyote.

Chakula

Wapo wanaosema paka akishiba hawindi, kwa hiyo wanamwacha na njaa. Si kweli. Paka huwinda kwa silika, hata akiwa ameshiba. Mwenye njaa hutoka depo kwenda kutafuta jikoni kwa jirani. Umlishe kidogo asubuhi na jioni, sehemu ile ile, ili ajue pale ni kwao.

Paka ni mla nyama kuliko mbwa. Ndani ya nyama na samaki mna kirutubisho kinachoitwa taurini, ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha. Akikikosa kwa miezi, macho hupofuka na moyo hudhoofika. Fufu na mchuzi wa maharage havina. Paka anayelishwa fufu tu hubaki hai kwa panya anaokamata, na siku panya wakiisha, naye ataanza kuisha.

Kwa bei ya Kasindi chakula chake kinapatikana: dagaa waliooshwa na kuchemshwa bila chumvi, vichwa na matumbo ya tilapia kutoka ziwa Edward, maini, mapafu au moyo wa ng'ombe uliochemshwa kidogo, yai la kuchemsha mara moja moja. Ukichanganya fufu kidogo si kosa, ila nyama au samaki viwe sehemu kubwa. Makayabo yana chumvi nyingi mno kwake hata ukiyaloweka. Vitunguu na vitunguu saumu humharibia damu, kwa hiyo mabaki ya sosi si chakula chake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wakubwa wengi. Kinywaji chake ni maji safi, yawekwe mbali kidogo na sahani ya chakula.

Baridi ya Butembo, joto la Kasindi

Ikweta inapita karibu na Butembo, lakini mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa koti. Kasindi, chini bondeni kando ya mto Lubiriha, ni joto. Sokoke alizaliwa kwa joto la pwani, na manyoya yake hayahifadhi joto vizuri. Kasindi angejisikia kwao, Butembo angehitaji msaada. Paka wetu wengi wenye manyoya mafupi wana haja ile ile, na saruji ya depo ni baridi kuliko hewa. Katoni iliyoinuliwa juu ya paleti ya mbao, yenye kitambaa kizee ndani na tundu dogo la kuingilia, inatosha.

Kupanda ni haja ya pili. Sokoke asiye na mahali pa juu hujitafutia, akaangusha vyombo. Katika depo kuna bahati: acha njia ya kupandia hadi kilele cha magunia, na ubao mmoja ukutani karibu na dari. Kutoka juu paka huona panya anapopita kando ya ukuta. Aliyefungwa kamba chini hawezi kuwinda, na kamba hiyo imeua wengi kwa kuwanyonga usiku. Ukitaka azoee mahali papya, mfungie chumba kimoja kwa wiki mbili akiwa na chakula, maji, karai la mchanga na mtu wa kumtembelea. Kisha fungua mlango.

Manyoya mafupi hayana kazi nyingi: kitambaa chenye unyevu mara moja kwa wiki, na macho yako kutafuta viroboto. Karai la mchanga au la unga wa mbao lisafishwe kila siku. Mama mjamzito asilisafishe, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kubeba kijidudu kinachomdhuru mtoto tumboni.

Yanayoua paka

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu vifo vingi vya paka vinaepukika.

Sumu ya panya na paka havikai depo moja. Panya aliyekula sumu hulegea, paka humkamata kwa urahisi, na sumu inaingia kwa paka. Vidonge vya kufukizia nafaka ni vibaya zaidi: hewa yake huua paka, na huua mlinzi anayelala humo. Siku ya kufukiza, kila chenye pumzi kitoke.

Dawa za mbwa na ng'ombe za kuua kupe na viroboto mara nyingi zina permetrini, ambayo mbwa huivumilia na paka hupata degedege na kufa. Usimnyunyizie hata kidogo. Na paracetamol, kidonge tunachokimeza bila kufikiri, ni sumu kwa paka; kidonge kimoja kinaweza kumuua. Paka akiwa na homa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Butembo ina kitivo cha udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, na waliosomea huko wanafanya kazi mijini na vijijini.

Daktari huyo mwombe mambo haya:

- dawa ya minyoo, kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3;
- chanjo ya ugonjwa wa kuhara unaowafyeka watoto wa paka, kuanzia wiki ya 8, ikirudiwa, pale inapopatikana;
- chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki ya 12, na marudio yake. Paka naye huupata ugonjwa huo na kuuambukiza;
- kuhasiwa kwa dume na kufungwa kizazi kwa jike kuanzia miezi 5 au 6, kama hutaki watoto. Mimba ya paka ni wiki 9 tu.

Paka au mbwa usiyemjua akikung'ata, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Na jambo la jirani zetu wa kaskazini. Huko Ituri bado kuna tauni, ugonjwa unaohamishwa na viroboto vya panya. Paka huweza kuupata na kumpa mtu. Panya wakianza kufa wenyewe kwa wingi bila sumu, usiwashike kwa mkono, mfungie paka ndani, na upeleke habari kwa watu wa zoni ya afya.

Je, nimnunue Sokoke?

Kama lengo ni panya, usimnunue. Sokoke wenye karatasi ni wachache sana duniani, wafugaji wao wengi wako Ulaya na Marekani, na bei pamoja na safari ingekujengea milango ya chuma isiyopitisha panya katika depo nzima. Kama unampenda kwa uzuri wake na una nyumba yenye watu wakati wote, ni haki yako. Dai karatasi za wazazi wote wawili, cheti cha chanjo, na kibali cha karantini ya wanyama mpakani. Usimchukue akiwa peke yake kama wewe ni mtu anayelala safarini wiki nzima. Atanyong'onyea.

Kwa wengine wote, paka mnayemtafuta yupo tayari Lubiriha, Mutwanga, Oicha au Kyavinyonge, nyuma ya nyumba ya jirani mwenye jike anayesifika kwa kuwinda. Nenda umwone akiwa na mimba. Mwambie mwenye nyumba unataka mtoto mmoja, au bora wawili, na umlipe tangu siku hiyo gharama ya dagaa wa mama na dawa ya minyoo, kwa sharti moja: asimtoe mtoto yeyote kabla ya wiki ya 12, na watoto wake wa nyumbani wawashike kila siku. Usikubali kuletewa mapema, hata ukiambiwa ameshaanza kula fufu.